Je, Mahali Hapa Bado Pamefunguliwa?

Antoni alikuwa mtu wa nguzo. Kwa miaka thelathini na miwili alipanda nguzo za simu kutoka Moshi mjini hadi vijiji vya juu vya Uru, mkanda wa ngozi kiunoni, koleo mfukoni, vyuma vya kupandia vimefungwa miguuni. Yeye ndiye aliyeivuta laini ya parokiani, na ya zahanati, na ile ya nyumbani kwa Mwalimu Theodora, ambaye kwa muda mrefu ndiye pekee upande ule aliyekuwa na simu sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama vile ingeweza kushikwa na baridi. Simu ile ikinyamaza, Mwalimu alishuka mwenyewe kwa miguu mpaka ofisini Moshi, akaandika kwenye daftari la malalamiko lililofungwa kwa kamba kauntani. Kesho yake Antoni alikuwa juu ya nguzo akitafuta mahali tawi la mparachichi lilipoulalia waya. Akishatengeneza, alichomeka kisimu chake cha majaribio na kupiga.

"Shikamoo Mwalimu. Unanisikia?"

"Marahaba. Nakusikia, mwanangu. Shuka taratibu."

Alistaafu wakati nguzo nyingi za Uru zimebaki tupu. Waya za shaba ziliibwa kipande baada ya kipande, minara ya simu za mkononi ikasimama vilimani, na siku moja alikuta nguzo aliyoichimbia shimo kwa mikono yake imelazwa kuwa daraja la kuvukia mfereji. Hakuhuzunika sana. Alimwambia mkewe kwamba kazi ile ilikuwa ya upweke: uko juu peke yako siku nzima, unasikia watu wengine wakizungumza.

Mkewe, Mektrida, hakuwa mtu wa upweke. Alikuwa akisalimia watu tangu wako ng'ambo ya mfereji, na mpaka wanafika kwake alikuwa ameshawauliza habari za ng'ombe, watoto na magoti. Antoni alipostaafu na kuanza kukaa nyumbani akinyamaza, Mektrida alisema nyumba haiwezi kuwa na bubu wawili, mumewe na ng'ombe, akajenga kibanda cha mbao pale kihamba chao, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kinapopakana na njia ya kwenda kwenye maporomoko. Alipika mtori. Ndizi mshare, nyama ya mbavu, kitunguu na maziwa ya ng'ombe wao, akiuponda kwa mwiko mpaka ukawa laini, akiupakua wa moto kwenye bakuli za bati. Walikula vijana wanaoongoza wageni, wageni wenyewe, wakata majani na mafundi wa barabara. Wote walimwita Mama Denis, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Mwaka 2017 mgeni mmoja kutoka Uholanzi alikula bakuli mbili, akampiga picha, na akakiweka kile kibanda kwenye ramani ya simu. Jackson, kijana wa Moshi aliyekuwa anamwongoza mgeni huyo, ndiye aliyemsaidia kuandika jina: Mtori kwa Mama Denis. Mektrida alionyeshwa, akacheka, akasema sasa hata akitoroka watamkamata. Baadaye akasahau.

Alifariki Machi 2021. Alianza kwa kukohoa siku ya Jumatatu, na Jumapili iliyofuata walikuwa wanamzika kihambani, chini ya migomba, watu wachache wakiwa wamesimama mbalimbali na barakoa usoni. Denis alikuja kutoka Dar es Salaam akakaa siku nne. Violet, binti yao, ni muuguzi Kanada, na hakuweza kuja kwa sababu ndege zilikuwa za kubahatisha. Aliyatazama mazishi ya mama yake kupitia simu ya Denis, iliyokuwa inakatika kila mara.

Mwaka ule ule Violet alimtumia baba yake simu kubwa ya kioo. Antoni, aliyezoea vyombo vya simu, hakuiogopa. Aliisoma kama alivyozoea kusoma michoro ya laini, menyu baada ya menyu. Siku moja, akijaribu ramani, aliuona mfereji wao, akaiona barabara, akaisogeza kwa vidole viwili mpaka akafika kwake. Pale penye kibanda kulikuwa na alama ndogo ya uma na kisu, na jina la mkewe.

Alibonyeza.

Picha ikatokea. Mektrida ameinama juu ya sufuria, mwiko mkononi, kichwa amekigeuzia upande, anacheka. Antoni alikuwa na picha nyingine za mkewe. Ya harusi, ya kipaimara cha Violet, ya kitambulisho. Katika zote amesimama wima kama anaapishwa. Hakuwa na hata moja anayocheka. Akakaa chini kwenye gogo la kukatia kuni, na hakukumbuka kumkamua ng'ombe mpaka ng'ombe mwenyewe alipoanza kulia.

Chini ya picha kulikuwa na maoni ya watu arobaini na moja, na nyota. Mengine yalikuwa kwa lugha asizozijua. Aligundua kitufe cha kutafsiri, na simu ikamletea Kiswahili chake yenyewe: "Mama huyu anapika kwa kifua." "Tulipotea, yeye alitupata." "Ndizi nzuri zenye supu ya nyama, mwanamke mwenye sauti kubwa ya kupendeza." Hilo la mwisho alilisoma mara nyingi. Ni kweli alikuwa na sauti kubwa. Watu wa kanisani walikuwa wakilalamika kwamba anaimba kuwapita wanakwaya.

Ikawa desturi yake. Kila asubuhi akishakamua na kupeleka maziwa, alichemsha chai, akaketi kwenye gogo, akafungua ramani na kusoma. Hakumwambia mtu. Denis alikuwa akipiga mara moja kwa mwezi, haraka haraka, akiwa kwenye foleni ya magari. Violet aliandika kwenye kundi la familia: "Umeamkaje baba?" Antoni alijibu: "Salama." Violet aliweka moyo mwekundu. Baada ya hapo hapakuwa na la kusema mpaka kesho.

Kisha simu ikaanza kumuuliza.

Lilikuwa swali dogo lililojitokeza chini ya kioo: "Je, mahali hapa bado pamefunguliwa?" Na chini yake vitufe vitatu: Ndiyo. Hapana. Sina uhakika.

Mara ya kwanza aliizima simu na kwenda kufyeka majani. Mara ya pili, wiki mbili baadaye, alibonyeza Sina uhakika. Simu ikamjibu: "Asante! Mchango wako unawasaidia wengine." Antoni alikitazama kile kibanda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Bakuli za bati zilikuwa ndani, zimepangwa kama Mektrida alivyoziacha, juu yake kitambaa kimejaa vumbi. Aliona kwamba amesema uongo, ila si uongo mkubwa.

Mara ya tatu alibonyeza Ndiyo.

Alijua alichofanya. Alikuwa fundi, alijua kwamba mtu akibonyeza kitu hapa, kitu kinawaka kwingine. Lakini alifikiri, nani atakuja? Na kama Hapana itabonyezwa, picha ile je? Na sauti kubwa ya kupendeza? Hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama vitu hivyo vinabaki au vinafutwa.

Walikuja. Wa kwanza walikuwa mtu na mkewe kutoka Arusha, wameshika simu mbele yao kama tochi. Walisimama mbele ya kibanda, wakatazama kioo, wakatazama waya wa mlangoni.

"Shikamoo mzee. Tunamtafuta Mama Denis."

"Marahaba. Mama Denis alifariki."

Yule mwanamke akashika mdomo. "Pole sana, baba. Huku inaonyesha pako wazi."

"Ndiyo," Antoni alisema. "Huko pako wazi."

Aliwakaribisha, akawapa ndizi mbivu na chai ya maziwa. Walikaa saa nzima. Mwanamume aliuliza kuhusu mfereji, ni nani anayegawa maji yake, na Antoni akajikuta anazungumza, anaonyesha kwa mkono, anasimulia ugomvi wa maji wa mwaka ambao hata yeye alidhani ameusahau. Walipoondoka alisikia koo linawasha. Lilikuwa halijazungumza kiasi kile tangu mazishini.

Basi akaufungua waya wa mlango. Akaosha bakuli. Akaanza kupika mtori kila Jumamosi, siku ambayo wageni ni wengi njiani. Alikuwa amemtazama Mektrida akipika kwa zaidi ya miaka arobaini na akadhani kutazama ni kujua. Mtori wake wa kwanza ulikuwa mzito kama udongo wa kufinyanga. Wa pili aliutia maji mno. Hakujua kwamba mkewe alikuwa akipunguza kuni kabla ya kutia maziwa, kwa hiyo wa kwake mara nyingi ulishika chini na kunuka moshi. Wageni wa Ulaya walikula wakamshukuru. Vijana wanaoongoza wageni walikula wakanyamaza. Jackson alionja vijiko vitatu, akasema ana haraka, akamwachia salamu.

Antoni hakujali sana. Jumamosi moja walikuja wanne, nyingine hakuja mtu, nyingine wakaja saba. Alianza kuvaa shati safi siku hizo.

Kisha, mwezi wa Agosti, akaja Loveness. Alikuwa dada wa mjini, mfanyakazi wa ofisi fulani Moshi, amewaleta wenzake watatu kwa gari lake dogo kwa sababu mmoja wao alikuwa anahamishwa na walitaka kumuaga kwa chakula kizuri. Barabara ilikuwa na matope. Gari liliwakwamia chini, wakapanda kwa miguu, viatu mikononi. Walifika wamechoka na wenye njaa, na ilikuwa Alhamisi.

"Shikamoo. Mtori upo?"

"Marahaba, mama. Mtori ni Jumamosi. Lakini kaeni, nitapika."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

Antoni alipaswa kusema. Alikuwa ameshawaambia wengine wengi, na hawakukasirika. Lakini siku hiyo wale wanne walikuwa wameshaketi, wanacheka, mmoja anaigiza namna Loveness alivyoteleza, na kibanda kilikuwa kimejaa sauti kama zamani. Aliogopa sauti zile zisije zikakatika.

"Hayupo kidogo," alisema.

Alipika kwa saa moja na nusu. Aliharakisha, akatia kuni nyingi. Wale wageni walinyamaza kidogo kidogo, kila mmoja akainamia simu yake. Alipowaletea bakuli, Loveness aliweka kijiko mdomoni na uso wake ukabadilika.

"Baba, huu umeungua."

"Umeshika kidogo tu chini."

"Na mama anarudi saa ngapi? Maana tumetoka mbali kwa ajili yake."

Antoni alisimama na upawa mkononi. Jirani yake, Anaeli, alikuwa anapita njiani na mzigo wa majani, akasikia swali, akajibu kwa nia njema kabisa: "Mama yupi? Mektrida? Si alishafariki miaka mitatu sasa."

Loveness aliweka kijiko mezani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ungetuambia, baba," wakavaa viatu vyao vyenye matope na kuteremka.

Siku nne baadaye, Antoni alipoketi kwenye gogo na chai yake, palikuwa na maoni mapya juu ya yote. Nyota moja. "Msipoteze mafuta yenu kupanda huku. Mama Denis alishafariki zamani na mtadanganywa tu. Hakuna kitu. Kuna mzee mmoja tu."

Alisoma mara ya pili. Yale ya kudanganya aliyakubali, kwa sababu alidanganya. Yaliyomkaa kifuani ni ya mwisho. Hakuna kitu, kuna mzee mmoja tu. Alitazama kibanda, kisha migomba, kisha nyumba iliyofungwa madirisha ya vyumba vya watoto, akaona kwamba yule dada alikuwa ameandika kama mtu anayehesabu vitu chumbani.

Akampigia Denis. Ilikuwa saa nne asubuhi, Denis yuko kazini.

"Baba, kuna nini? Uko salama?"

"Salama. Nataka uniambie namna ya kufuta kitu ambacho mtu ameandika kwenye ramani."

Ilimchukua muda kueleza. Antoni alimsikia Denis anabonyeza, anatafuta.

"Baba," Denis alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii kitu bado ipo? Inasema pamefunguliwa? Nani anasema pamefunguliwa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Antoni aliihamishia simu sikio la pili.

"Baba, hili ni jina langu. Mama Denis. Watu wanamtukana mama chini ya jina langu, na mama yuko kaburini. Ifunge tu. Au niache niifunge mimi."

"Subiri kwanza."

"Nina kikao. Nitakupigia jioni."

Hakupiga. Asubuhi iliyofuata Antoni alifungua ramani, na chini ya jina la mkewe, kwa maandishi mekundu, palikuwa pameandikwa: Pamefungwa kabisa.

Picha bado ilikuwepo, na maoni yalikuwepo. Lakini ile alama ya uma na kisu ilikuwa imefifia, na alipoisogeza ramani kidogo ikatoweka. Ilibidi utafute kwa jina ndipo uione. Mtu asiyemjua Mektrida asingeweza tena kumkuta kwa bahati.

Antoni alivaa koti lake la kanisani akashuka Moshi.

Alichotaka ni ofisi. Maisha yake yote ya kazi kulikuwa na ofisi. Mtu aliyekuwa na tatizo la simu aliijua njia, aliujua mlango, alimjua na karani aliyekaa nyuma ya kaunta, na kama karani ni mkali alijua pia saa anayokwenda kunywa chai. Alizunguka mitaa ya katikati akiuliza. Kwenye duka moja la simu alimkuta binti anayeitwa Evelyn, mwenye miwani, anabandika kioo kipya kwenye simu ya mtu.

"Shikamoo baba. Nikusaidie?"

"Marahaba, mwanangu. Naitafuta ofisi ya kampuni ya hii ramani."

Evelyn alitazama simu, akamtazama yeye kuona kama anatania. "Hapa hawana ofisi, baba."

"Basi Arusha?"

"Hata Arusha."

"Dar?"

"Sijui kama hata Dar utakuta mtu wa kukusikiliza jambo kama hilo. Hawa wako humu humu ndani. Ukiwa na shida unaandika humu humu."

"Na anayesoma ni nani?"

Evelyn alifikiri. "Kusema kweli sijui. Labda mashine."

Antoni aliomba kiti. Evelyn alimpa, akasoma yote, maoni ya Loveness pia, na akaacha kubandika kioo. Alisema anaweza kujaribu kuomba pafunguliwe tena, lakini wakiuliza ushahidi wataonyesha nini? Alimuuliza anataka nini hasa.

"Nataka nimjibu yule dada."

"Hapo si lazima upitie ofisini. Andika tu maoni yako, kama mtu yeyote."

Aliandika pale pale dukani, kwa kidole kimoja, wateja wakiingia na kutoka. Ilimchukua nusu saa. Aliandika hivi:

"Mimi ni Antoni, mume wa marehemu Mektrida. Ni kweli alifariki, tarehe 12 Machi 2021. Ni kweli mtori uliungua. Naomba radhi kwa mafuta ya gari na kwa kutokusema ukweli. Mke wangu hakuwahi kuunguza. Alikuwa anapunguza kuni kabla ya maziwa, mimi sikujua. Alikuwa na sauti kubwa. Mliokula kwake na mkaandika, asanteni, nimesoma yote."

Alipotaka kutuma, programu ilikataa. Ilimtaka kwanza achague nyota.

"Lazima?" alimuuliza Evelyn.

"Lazima, baba."

Alibonyeza zote tano, akaona haya, kana kwamba amempa mkewe maksi za mtihani. Evelyn aligeuka akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Kwa siku nyingi hakuna kilichotokea. Loveness hakujibu, huenda hakuona. Denis alipiga, akazungumza habari za mvua, akauliza habari za ng'ombe, na hawakuligusa lile jambo. Kibanda kilifungwa tena kwa waya. Jumamosi wageni walipita njiani na hawakukata kona. Baada ya mwezi simu ilimletea ujumbe wa pongezi: maoni yake yametazamwa mara elfu moja. Antoni aliusoma ujumbe ule akiwa peke yake jikoni. Watu elfu moja ni wengi kuliko waumini wa Jumapili parokiani. Alijaribu kuwawaza wamesimama kihambani, wote wanatazama, hakuna anayesema hodi.

Jumapili moja ya Oktoba, alasiri, simu iliita. Violet. Hakuandika kwenye kundi. Alipiga, kwa picha. Kule kwake ilikuwa asubuhi mapema na alikuwa bado na nguo za kazini, macho mekundu.

"Baba, nimesoma ulichoandika."

"Umekipataje? Pamefungwa. Lazima utafute kwa jina."

"Natafutaga kwa jina. Kila nikitoka zamu naenda pale. Natazama mama anavyocheka. Ile sina kwingine."

Antoni alikaa chini.

"Na baba, ilikuwa inaniuliza. Kama bado pako wazi. Kwa vile natazama sana, nadhani ilidhani mimi ni mteja." Alianza kucheka, kicheko kikageuka. "Nilikuwa nabonyeza Ndiyo. Kila mara. Hata sijui kwa nini. Sikukwambia kwa sababu niliona utaniona mjinga."

"Mimi pia," Antoni alisema.

"Wewe pia nini?"

"Mimi pia nilikuwa nabonyeza Ndiyo."

Walitazamana kwenye kioo. Miaka mitatu walikuwa wakiulizana hali kila siku na kujibizana salama, na kumbe kila mmoja kwa upande wake alikuwa ameushikilia mlango ule ule usifungwe. Violet alilia waziwazi kwa mara ya kwanza tangu mazishini. Antoni hakujua la kufanya na mikono yake. Alimwambia habari za mwiko, namna mama yake alivyougonga mara mbili ukingoni mwa sufuria kabla ya kuuweka chini, na kwamba yeye mpaka leo akisikia mtu anagonga kitu mara mbili hugeuka. Violet alisema na yeye hugeuka, hospitalini, mtu akigonga kikombe. Walizungumza mpaka simu ya Violet ikaishiwa chaji.

Krismasi Denis alikuja na familia yake, kama kila mtu wa mlimani anavyorudi. Kwa siku tisa kihamba kilijaa magari, mbuzi, watoto, muziki kutoka kila upande. Siku ya pili Denis alisimama mbele ya kibanda kwa muda mrefu, mikono mfukoni.

"Baba, mimi ndiye niliyepafunga."

"Najua."

"Nilidhani nakusaidia. Yale maneno ya yule dada yaliniuma." Alipiga teke jiwe. "Sikufikiria kwamba wewe ulikuwa unakaa pale."

Antoni alitaka kumwambia kwamba hakukosea, kwamba mahali ambapo mtu amekufa ni haki paandikwe pamefungwa. Lakini haikuwa kweli yote, na alikuwa amechoka na uongo mdogo mdogo. Akamshika tu bega. Denis aliuliza kama wabomoe kibanda wapate mbao za kutengenezea banda la ng'ombe, na Antoni akasema ndiyo, mbao ni nzuri bado. Walifanya kazi ile pamoja siku moja na nusu. Hawakuzungumza sana, lakini Denis alimshikia ngazi.

Tarehe mbili Januari wakaondoka wote. Magari yaliteremka moja baada ya jingine, vumbi likatua, na mlima ukarudi kwa wazee wake. Antoni alifagia ua, akakusanya chupa za soda, akakuta kiatu kimoja cha mtoto na kukiweka dirishani ili kisubiri mwaka ujao.

Ramani haimuulizi tena chochote. Violet hupiga kila Jumapili, na swali lake la kwanza ni lile lile: "Umekula nini, baba?" Zamani angejibu "nimekula" yakaisha. Siku hizi anajitahidi. Anasema amekula ndizi na maharage, na kwamba maharage yalichelewa kuiva, na kwamba Anaeli alimletea parachichi mbili, moja bovu. Violet naye anaeleza habari za theluji na mgonjwa aliyemtania. Wakishaagana Antoni hubaki na simu mkononi, imepata joto, mpaka kioo kijizime chenyewe. Kisha huchukua panga na kwenda kukata majani ya ng'ombe, kwa sababu saa zinakwenda na hakuna mwingine wa kwenda.